Maswali ya Wasomaji: Datsun ya Mjomba Yaenda Kukaguliwa

Swali

Bwana Fundi, assalam aleikum.

Marehemu mjomba wangu ametuachia gari la michezo, Datsun 240Z ya mwaka 1972, ambalo limekaa bandani Tudor, hatua chache kutoka ufukweni, kwa miaka 11 bila kutembea. Familia imekubaliana nilichukue mimi. Nimetia betri mpya na injini imewaka, ingawa inatoa moshi mweusi. Nataka lirudi barabarani kihalali, na nimeelezwa kwamba lazima lipite ukaguzi kwanza. Nimeweka akiba ya kulipaka rangi nyekundu, kwa sababu ile ya manjano aliyoipenda mjomba imefifia, na rafiki zangu wananiambia kwamba mkaguzi akiliona gari linang'aa hatalichunguza sana. Fundi wangu wa Kongowea amelijaribu uani akasema breki ziko sawa, zinashika. Kuna jambo moja dogo tu: kitabu cha gari kinasema injini ni L24, lakini kwenye injini yenyewe nimesoma L28. Nianzie wapi?

Mpwa, Tudor

Jibu

Wa aleikum salaam, na poleni kwa msiba.

Nitaanza na hilo uliloliita dogo, kwa maana ndilo linaloweza kukurudisha nyumbani kabla mkaguzi hajaligusa gari. L24 ni injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sisi (cc) 2,393, nayo ndiyo iliyotoka kiwandani na gari lenu. L28 ni ndugu yake mkubwa wa sisi 2,753, aliyekuja na 280Z mwaka 1975. Kwa kuwa zote mbili ni za ukoo mmoja, L28 huingia mahali pa L24 bila kukata chuma, na wenye magari haya wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi, ama kwa kutafuta nguvu zaidi, ama kwa sababu injini ya kwanza ilikufa na ya pili ndiyo iliyopatikana. Mjomba hakukosea kiufundi. Kilichobaki nyuma ni karatasi, kwa sababu injini ilibadilishwa na kitabu hakikubadilishwa.

Mkaguzi husimama na taarifa za gari mkononi, akalinganisha namba ya chesisi, namba ya injini na rangi na kile anachokiona mbele yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata boliti moja, tafuta kwenye makaratasi ya mjomba risiti au hati yoyote ya ile injini ya pili, kisha uyapeleke mabadiliko hayo kwa NTSA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, pamoja na hati za mirathi kutoka kwa Kadhi au mahakama, kwa kuwa gari bado liko kwa jina la marehemu. Namba ya chesisi utaikuta imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Katika 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Ya injini iko kwenye bloku, upande wa kulia kuelekea nyuma, chini kidogo ya kichwa cha silinda. Zisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na mswaki laini, kisha upitishe chaki juu yake na kufuta, ili unga ubaki ndani ya herufi na namba isomeke. Usimruhusu mtu kuzigusa kwa msasa wala grenda, kwa maana namba iliyokwaruzwa humtia mkaguzi shaka ambayo hutaiondoa kwa maneno.

Sasa utaona kwa nini napinga ile rangi nyekundu. Kitabu kinasema manjano. Ukipaka nyekundu umejiongezea badiliko la pili la kuandikisha, tena kwa gharama kubwa. Wala si kweli kwamba mng'ao humlaza mkaguzi. Mkaguzi mzoefu akiona rangi mpya kwenye gari la zaidi ya miaka 50 lililokaa karibu na bahari, jambo la kwanza atakalojiuliza ni nini kimefunikwa. Fedha za rangi zipeleke chini ya gari.

Huko chini ndiko chumvi ilikofanya kazi yake. Kutu ya gari la Pwani haianzii mahali unapoiona. Hewa ya bahari huingia ndani ya vizingiti vya milango na ndani ya mihimili, unyevu ukakosa pa kutokea kwa sababu vitundu vya kutolea maji vimezibwa na vumbi, na bati likaliwa kutoka ndani hadi likabaki jembamba kama karatasi huku rangi ya nje ikiwa imetulia. Katika 240Z anza chini ya betri, ambapo tindikali huungana na chumvi, kisha ushuke kwenye mhimili ulio chini ya hapo. Inua mazulia uitazame sakafu. Fuata ile mihimili miwili myembamba iliyochomewa chini ya sakafu, halafu uende nyuma kwenye shimo la tairi la akiba na kwenye kona za bodi mbele ya magurudumu ya nyuma. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa na uitembeze polepole kwenye bati: panapokuwa na chuma utaisikia inavuta, na panapokuwa na puti itateleza na kuanguka. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya mkate. Ukipata tundu kwenye mhimili au mahali panaposhikilia mkanda wa kiti, tiba yake ni kukata hadi kwenye chuma kizima na kuchomea bati jipya pande zote; fundi atakayekuambia atapaka puti na lami juu, mshukuru na umtafute mwingine.

Nakuja kwenye breki, na hapa sikubaliani na fundi wako wa Kongowea. Breki zina mambo matatu: kushika, kushika sawasawa, na kuachia. Uani mtu hupima lile la kwanza peke yake. Kwenye mashine ya roli ya kituo cha ukaguzi kila gurudumu hupimwa nguvu yake, na gari ambalo kushoto linashika kwa nguvu na kulia kwa unyonge huanguka hata kama dereva anahisi breki ni kali. Na katika gari lililolala miaka 11 nina hakika, bila kuliona, kwamba kuna gurudumu lisiloshika kama mwenzake.

Sababu yake ni maji ya breki. Maji ya kawaida ya DOT 3 na DOT 4, yaani madaraja yanayoandikwa kwenye chupa, hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mombasa unaijua. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na wakati huohuo yale maji yaliyonyonywa huanza kula silinda kutoka ndani. 240Z ina diski mbele na drami nyuma. Silinda ndogo za nyuma ndizo hukwama kwanza: ukifungua drami na kuinua ule mpira wa vumbi kwa ncha ya bisibisi, ukaona unyevu au unga wa rangi ya kahawia, silinda hiyo haina maisha tena. Usikubali isuguliwe na kurudishwa. Badilisha zote mbili pamoja, na ukiwa hapo tazama breki shuu kama zimelowa mafuta.

Kuhusu kuachia, tazama mipira ya breki, ile mifupi inayounganisha paipu za chuma na magurudumu. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani wakati nje unaonekana mzima. Ukikanyaga, nguvu ya mguu husukuma maji yakapita. Ukiachia, maji hayana nguvu ya kurudi, na breki hubaki imeng'ang'ania. Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilikuwa nikirejea kisiwani kutoka Nyali na gari la mteja, nikahisi linavuta upande mmoja hata mguu ukiwa mbali na breki, na nilipoegesha na kumwagia maji ringi ya mbele kushoto, yalikauka kwa mlio kama kitunguu kikitiwa kwenye mafuta. Nilikuwa nimebadilisha breki pedi zote nikaacha mipira ya zaidi ya miaka 20, kwa kuwa ilikuwa haina ufa. Tangu siku hiyo, kwangu mipira hubadilishwa kwa umri, si kwa sura.

Ukishamaliza, toa maji ya zamani yote, tia mapya kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, na utoe hewa kwenye kila gurudumu. Kisha fanya majaribio mawili ukiwa umekaa kwenye kiti. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu, uishikilie hapo, halafu uwashe injini: pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe, na hiyo ni ishara kwamba busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Baada ya hapo, injini ikiendelea kuunguruma, kanyaga kwa nguvu ya wastani na uhesabu hadi 60. Pedali ikizama polepole na hakuna maji yanayovuja nje, mipira ya ndani ya masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma maji ya breki, imechoka. Hendibreki ya gari hili hufanya kazi kwenye drami za nyuma, kwa hiyo rekebisha drami kwanza ndipo uikaze kebo. Wengi huanza na kebo, wakaishia na hendibreki inayosimama juu lakini gari linateremka.

Taa za 240Z zilikuwa hafifu tangu mpya, kwa sababu umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye kiboksi cha fyuzi, na plastiki ya kiboksi hicho huyeyuka taratibu karibu na fyuzi za taa. Kiguse kwa kidole baada ya kuwasha taa kwa dakika 10. Kikiwa cha moto, fundi umeme aweke rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, ili swichi ya usukani ibebe umeme mdogo tu. Jaribio jingine halihitaji kifaa: washa taa ndogo, washa indiketa, kisha mtu akanyage breki. Taa moja ikififia kila nyingine inapowaka, kosa si balbu, ni athi, yaani mahali umeme unaporudi kwenye bodi, iliyoshika kutu, na dawa yake ni kufungua ile skrubu, kusugua bati hadi ling'ae na kuifunga tena kwa grisi. Kuelekeza taa, egesha jioni mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, na uhakikishe mwanga wa chini unapiga sentimita 10 hivi chini ya urefu wa taa yenyewe na kuinamia kushoto, si kulia, ili usimpofushe anayekuja.

Usukani wenyewe kwa kawaida hausumbui. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama bearingi na bol joint. Likicheza kushoto na kulia, tazama tairodi. Nyuma nina onyo moja tu. Bushi za chini zimepitiwa na pini ndefu ya chuma ambayo katika magari haya hukwama kwa kutu kama iliyochomewa, na fundi mwenye haraka huipiga nyundo hadi anaharibu nyuzi zake, gari likabaki juu ya mawe kwa miezi. Kama bushi hazijapasuka, ziache hadi baada ya ukaguzi.

Ule moshi mweusi ni petroli nyingi, na sitaki uanze kufungua injini kwa ajili yake. Mwaga petroli yote ya zamani, kwani iliyokaa miaka 11 imekuwa kama vanishi. Safisha tangi, badilisha filta na kila mpira wa petroli. Kisha fundi anayezijua karbureta mbili azifungue, asafishe, apime boya, na azilinganishe: kwa kipande cha mpira sikioni na ncha nyingine kwenye mdomo wa kila karbureta, mlio wa hewa unapaswa kuwa mmoja. Moshi ukibaki wa bluu baada ya hapo, hasa ukiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko, hizo ni sili za valvu, nayo ni hadithi nyingine.

Waipa, honi, vioo vya pembeni, mikanda na pembetatu mbili za kuakisi mwanga ni mambo ya asubuhi moja, ila watu huanguka kwayo kwa sababu ni madogo.

Miadi hupangwa na kulipiwa mtandaoni kwenye eCitizen. Chagua asubuhi mapema, usichague mchana. Kutoka Tudor kwenda Miritini, kwenye kituo cha ukaguzi, utapita Makupa na Kibarani hadi Changamwe katikati ya malori ya bandarini, na gari hili likisimama kwenye foleni ya malori saa saba mchana, plagi zitajaa masizi na rejeta itakuchemkia kabla hujafika. Wiki moja kabla, litembeze kilomita zisizopungua 100 kwa vipande vifupi, ukirudi kila mara kutazama chini penye matone. Gari la aina hii ndilo Shekhar Mehta aliloshindia Safari Rally mwaka 1973, kwa hiyo foleni ya Kibarani inaliweza, mradi rejeta imezibuliwa.

Swali

Bwana Fundi, shikamoo.

Mume wangu ana MGB ya mwaka 1967 yenye ringi za spoki. Amepata matairi manne ambayo yalikaa stoo na hayajawahi kutumika, nyuzi zake zimejaa kabisa, na anataka kuyafunga kwa ajili ya ukaguzi. Namba ya pembeni inaishia na 238. Je, ni sawa?

Mama wa Likoni

Jibu

Marahaba, mama. Usimwache ayafunge. Namba hiyo ya mwisho hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne, kwa mfano 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Yenu ina tatu, maana yake ni matairi ya kabla ya mwaka 2000: wiki ya 23 ya mwaka unaoishia na 8, ambao kwa vyovyote si baada ya 1998. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala, hukauka na kupasuka ndani, na nyuzi zilizojaa hazimlindi mtu na tairi linalopasuka njiani. Ajaribu kulikunja ukuta wa pembeni kwa vidole gumba, aone vijiufa.

Na kwa kuwa ni ringi za spoki, azungushe kila gurudumu akigonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia, iliyolegea hutoa mlio uliokufa. Mbili tatu zilizolegea zinakazwa. Zikiwa nyingi upande mmoja, ringi ipelekwe kwa fundi aifanyie kazi nje ya gari. Ringi hizo za zamani zinataka tyubu ndani, na kitambaa cha kufunika vichwa vya spoki kisisahauliwe. Tena amwambie dereva yeyote atakayelichukua: kwenye mteremko wa feri gari hili lishuke polepole na kwa pembe, maana sailensa yake iko chini mno.

Swali

Ninaendesha gari la zamani lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu. Nikifungua madirisha nasikia harufu ya moshi ndani, ingawa egzosi ni mpya. Mkaguzi atalikataa?

Msomaji, Mikindani

Jibu

Tatizo hili ni la kawaida kwa magari ya umbo hilo, na lisikuishie kwenye ukaguzi tu, kwa sababu moshi huo una kaboni monoksaidi, ambayo huua bila harufu yake yenyewe. Gari linapotembea, hewa nyuma yake hujikunja na kuurudisha moshi kwenye mlango wa buti. Madirisha yakiwa wazi, hewa ya ndani hutoka mbele na moshi ukavutwa nyuma kupitia mpira uliochoka. Tazama pia vifuniko vya mpira nyuma ya taa za nyuma, na mipira myembamba ya petroli iliyofichwa pembeni mwa buti, kwani nayo hupasuka.

Kupata mahali penyewe, futa mpira wa mlango ukauke, upake poda ya mtoto pande zote, kisha ufunge mlango taratibu na uufungue tena. Poda itaacha mstari mweupe kwenye bati kila mahali mpira unapogusa. Mstari ukikatika, hapo ndipo moshi unapoingia, na mara nyingi utaukuta umekatika kwenye kona mbili za chini.